Tunalijua ombwe la uongozi, hatulijui ombwe la breki

Kuna sentensi moja ambayo, lau ningepewa kiti cha mhariri mkuu kwa siku moja tu, ningeipiga marufuku kabla hata sijanywa chai: "Chanzo cha ajali ni gari kufeli breki."

Mnaifahamu, wadau. Imo magazetini, imo redioni, imo kwenye taarifa za makamanda wa polisi kuanzia Tanga hadi Kigoma. Gari limeacha njia, watu wamekufa, kamanda kasema breki zilifeli, mwandishi kanukuu, mhariri kapitisha, msomaji katikisa kichwa. Kesho yake tunarudi kwenye Coastal Union na habari za usajili. Hakuna aliyeuliza swali la pili, nalo ni jepesi kuliko yote: zilifelije?

Breki si mtahiniwa wa kidato cha nne, jamani. Hazifeli kwa sababu hazikusoma. Breki ni pedali, mafuta, mipira, vyuma na hewa. Kila kimoja kina namna yake ya kuharibika, na kila namna ina dalili zake. Kusema "breki zilifeli" ukaishia hapo ni sawa na daktari kuandika kwamba marehemu alifariki kwa kuwa aliacha kupumua. Ni kweli tupu, na haimsaidii yeyote aliyebaki hai.

Tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni nje kidogo ya Arusha, lori liliyagonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Taarifa za mwanzo zilisema lori lilifeli breki. Watu 25! Sasa niambieni, wangapi kati yetu tuliosoma habari ile tunajua leo breki zile zilikuwa na kasoro gani hasa? Malori makubwa yanatumia breki za upepo, ambazo ni elimu nyingine kabisa na leo siigusi. Nimeitaja Ngaramtoni kwa sababu moja. Kama neno "kufeli" linatutosha kwa roho 25, litatutosha zaidi kwa teksi moja iliyoingia mtaroni Makorora.

Na mimi leo nataka kuizungumzia hiyo teksi ya Makorora.

Sisi waandishi tuna neno letu tunalolipenda sana: ombwe. Ombwe la uongozi, ombwe la sera, ombwe la maadili. Ukitaka makala yako ionekane imeshiba, chomeka ombwe kwenye aya ya pili. Lakini muulize mwandishi huyo huyo, aliyekuja ofisini na IST yake, akuonyeshe ombwe lililo chini ya boneti lake. Atakutolea macho. Wakati hilo ndilo ombwe pekee linalomfanyia kazi kila siku, na likitoweka atajua mara moja tofauti yake na la uongozi.

Fungua boneti la gari dogo la kawaida. Upande wa dereva, nyuma kabisa karibu na kioo, utaona kitu cheusi cha duara, kama masufuria mawili yaliyofunikana. Hiyo ndiyo busta ya breki, na wapo wanaoiita servo. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachogawa vyumba viwili. Injini ya petroli inapovuta hewa yake, inanyonya pia hewa iliyomo ndani ya busta kupitia mpira mmoja mnene unaotoka kwenye menifoldi. Hapo vyumba vyote viwili vinabaki na ombwe. Ukikanyaga pedali, chumba cha upande wako kinafunguliwa kipate hewa ya nje, kile cha mbele kinabaki na ombwe, na hewa inakisukuma kiwambo mbele pamoja na mguu wako. Ndiyo maana binti wa kilo 50 anaisimamisha Noah iliyojaa watu bila kutoa jasho. Mguu wake unatoa amri tu, kazi kubwa inafanywa na hewa.

Si teknolojia ya jana hii. Mbelgiji Albert Dewandre aliibuni miaka ya 1920, babu zetu wakiwa bado wanakata mkonge. Injini ya dizeli haina ombwe la kutosha kwenye menifoldi, kwa hiyo hupewa pampu yake maalumu. Kwenye zile Hiace zenye injini ya 3L, kwa mfano, pampu hiyo iko nyuma ya altaneta.

Sasa basi. Mpira ule ukipata ufa, klampu ikilegea, kiwambo kikitoboka, au ile valvu ndogo ya njia moja inayozuia hewa isirudi kwenye busta ikichoka, ombwe linavuja. Pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Zingatieni hapo: mafuta ya breki yapo, pedi zipo, masta silinda nzima. Kilichoondoka ni msaada tu. Gari bado linaweza kusimama, ila linataka mguu wenye nguvu mara kadhaa ya ile uliyoizoea. Dereva aliyezoea kugusa anagusa, anaona gari haliitiki, anapiga kelele kwamba hana breki.

Hapa ndipo ile sentensi yetu inapokuwa ya hatari. Kwa sababu "breki zimefeli" ni jina moja la magonjwa matatu tofauti.

La kwanza ni pedali laini. Unakanyaga, inazama hadi sakafuni kama umekanyaga tope. Hapo mafuta yamevuja, au hewa imeingia kwenye njia za mafuta, au masta silinda imechoka. Dawa ya dharura ni kupampu, haraka haraka, maana presha inaweza kurudi.

La pili ni pedali ngumu, yaani ombwe limekwisha. Hapa ukipampu umejimaliza mwenyewe. Busta nzima, injini ikizimika, huwa na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu hivi, na kila ukiachia na kukanyaga tena unaila akiba hiyo. Dawa yake ni kinyume kabisa cha ile ya kwanza: kanyaga mara moja kwa nguvu zako zote, ikibidi kwa miguu miwili, usiachie, shusha gia, kisha vuta hendibreki taratibu.

La tatu ni breki zilizopata moto mteremkoni. Pedali inaweza kuwa sawa kabisa, ila gari halisimami na kuna harufu ya kuungua. Dawa ya hili ilitakiwa inywewe juu ya mlima, kwa kushuka na gia ndogo tangu mwanzo.

Mmeona? Dawa ya mgonjwa wa kwanza inamuua wa pili. Na sisi, vyombo vya habari, tumewafundisha Watanzania kwamba huo wote ni ugonjwa mmoja unaoitwa kufeli. Abiria na madereva wanausikia mwaka hadi mwaka, na hakuna siku wameambiwa kuna pedali ngumu na pedali laini.

Sisi watu wa Tanga tulipaswa kuwa wa mwisho kurudia kosa hili, kwa sababu tumeshalipitia hospitalini. Mnakumbuka enzi za kila homa ni malaria? Mtoto ana joto, mpe dawa ya malaria. Mtu mzima anaumwa kichwa, malaria. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Zaidi ya wagonjwa mahututi 4,000 waliolazwa na kutibiwa malaria walipimwa damu kwa makini, na chini ya nusu yao ndio walioonekana kuwa na vimelea. Waliobaki walikuwa na ugonjwa mwingine ambao dawa ya malaria haiugusi. Ndipo vipimo vya haraka vikasambazwa hadi kwenye zahanati, na leo hata bibi kijijini anajua unatobolewa kidole kwanza ndipo dawa inafuata.

Gereji zetu bado ziko kabla ya kipimo. Kila homa ya breki ni pedi.

Jirani yangu hapa Makorora ni dereva teksi. Corolla yake ilianza kuwa na pedali ngumu, na sailensa ikawa inapanda na kushuka, gari likisimama linatetemeka kama lina baridi. Fundi wa kwanza hakuliwasha hata injini. Pedi zimeisha, akasema. Zikanunuliwa, zikafungwa, pedali ngumu vile vile. Fundi wa pili akasema masta silinda, ikatafutwa ya mtumba, ikafungwa, pedali ngumu. Wa tatu akataka busta nzima. Mpaka hapo zilishatoka laki tatu na ushee, na siku kadhaa za teksi kulala, wakati mwenye gari anadai hesabu yake kama kawaida.

Wa nne alikuwa mzee mmoja ambaye hana hata bango. Aliomba gari liwashwe, akainama, akasikiliza. Akachukua koleo, akalizungushia kitambaa, akaubana ule mpira wa ombwe karibu na menifoldi. Sailensa ikatulia papo hapo. Mpira ulikuwa na ufa upande wa chini ambako jicho halifiki. Mpya haukufika hata shilingi elfu kumi. Na alisisitiza uwe mpira mgumu uliotengenezwa kwa kazi ya ombwe, kwa sababu ule wa maji au wa kuunga unga hunyonywa ukajibana wenyewe, na ugonjwa ukarudi.

Kwa nini sailensa ilitulia? Kwa sababu ufa ule ulikuwa unaipa injini hewa ya wizi, hewa ambayo haikupitia mlango wake wala haikupimwa. Injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, inayumba. Kwa hiyo pedali ngumu ikiambatana na sailensa inayocheza, gari lenyewe limeshakutajia pa kuanzia kutafuta. Fundi wa kwanza alihitaji masikio tu.

Sasa nawapa vipimo ambavyo havihitaji hata spana. Paki sehemu ya tambarare, vuta hendibreki, weka gia kwenye frii au P.

1. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara nne au tano mpaka iwe ngumu. Endelea kuikandamiza, kisha washa gari. Pedali inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, ama ombwe halifiki kwenye busta ama busta yenyewe imekufa.

2. Acha injini iungurume dakika moja au mbili, kisha zima. Kanyaga taratibu mara tatu, ukipumzika kidogo katikati. Ya kwanza iende chini, ya pili iishie juu zaidi, ya tatu juu zaidi tena. Ikiwa ngumu tangu ya kwanza wakati kipimo namba moja ulifaulu, basi ombwe linaingia lakini halikai. Tazama valvu ya njia moja na mpira wake.

3. Injini ikiwa inaunguruma, kanyaga breki na ushikilie. Zima injini, mguu ukiwa hapo hapo. Hesabu sekunde 30. Pedali isipande. Ikikusukuma juu, busta inavuja.

4. Zima redio, bongo fleva itakusubiri. Kanyaga na kuachia breki injini ikiunguruma, usikilize chini miguuni. Ukisikia "sssss" inayoendelea muda wote umekanyaga, na sailensa ikabadilika, kiwambo kina walakini.

Hiyo ni kazi ya dakika tano kwako wewe usiye fundi. Fundi ana mbili za ziada. Aichomoe valvu ya njia moja na kuipuliza: hewa ipite kutoka upande wa busta kwenda upande wa injini, na isirudi. Halafu afunge geji ya ombwe. Injini nzima ya petroli ikiwa kwenye sailensa, usawa wa bahari kama hapa Tanga, husoma kati ya inchi 17 na 22 za zebaki. Ikisoma kidogo, huenda tatizo haliko kwenye breki kabisa, injini yenyewe inavuja au imechoka. Tahadhari mbili: wapo wanaotafuta uvujaji kwa kupulizia dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini ya moto, na ile dawa inawaka. Kubana mpira na kusikiliza kunatosha. Pia magari ya haibridi kama Prius yana mfumo tofauti, vipimo hivi si vyake.

Kuna jambo moja kuhusu geji hiyo linalowahusu wanaopanda Lushoto. Kadiri unavyopanda mlima hewa inapungua uzito, na ombwe la injini linapungua karibu inchi moja kwa kila mita 300. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Maana yake busta uliyoizoea Makorora, ukiwa Lushoto imeshapoteza inchi nne au tano hata kabla mpira haujapata ufa. Na kutoka pale ni kuteremka, kona juu ya kona, Soni, mpaka Mombo.

Sasa kwenye mteremko kama huo wapo madereva wanaoweka frii ili kuokoa mafuta. Wengine huthubutu hata kuzima injini. Ukizima injini umefunga kisima cha ombwe, umebaki na ile akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, mbele yako kuna kona kadhaa. Na mafuta yenyewe huokoi. Magari haya ya mfumo wa sindano, yaani karibu yote tunayoagiza Japani, ukiteremka na gia huku umeachia mafuta, kompyuta yake hukata petroli kabisa. Ukiweka frii ndipo inapolazimika kuchoma kidogo ili injini isizime. Zaidi ya hapo, injini inayozungushwa na gia mteremkoni mguu ukiwa nje ya mafuta ndiyo inayonyonya kwa nguvu kuliko wakati wowote, kwa hiyo busta inashiba. Gia inakupa breki ya injini, ombwe tele, na petroli bure. Frii haikupi kitu. Likitokea la kutokea, kesho tutasoma kwamba gari lilifeli breki.

Najua mtakaosema, basi tatizo ni mafundi. Ni jibu rahisi, na mimi silikubali. Fundi wa gereji bubu si mjinga. Anajua anacholipwa. Sisi wateja tunalipia kitu tunachokiona. Mwambie mwenye gari, "nipe elfu kumi na tano nikutafutie tatizo," atakuuliza tatizo lenyewe bei gani. Mwambie, "lete laki moja tununue spea," atatoa simu atume. Aliyesikiliza dakika kumi akagundua ufa kwenye mpira wa elfu nane ataambulia elfu mbili ya soda. Aliyebadilisha masta silinda nzima bila sababu atalipwa ufundi wa masta silinda. Kwa bei hizo, nani atakaa kusikiliza? Yule mzee aliyemponya jirani yangu alipewa kidogo kuliko wote watatu waliomkosea. Mnaona haki hapo?

Sisi tuliosoma ndio wabaya zaidi. Hospitali tunadai kuonyeshwa majibu ya maabara, tunayapiga picha, tunayatafuta intaneti usiku kucha. Gereji tunakaa kwenye benchi na simu, tunasubiri kuambiwa jumla. Watoto tumewapakia kwenye gari lile lile.

Kwa hiyo nadai mambo matatu.

Kwanza, sisi wenye magari tulipie kipimo. Kipimo kiwe na bei yake, ijulikane, ilipwe hata kama spea haikununuliwa. Fundi aseme amepima nini na ameona nini kabla hajagusa bolti. Akishindwa kusema, chukua funguo zako uondoke.

Pili, kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani magari hukaguliwa na kubandikwa stika. Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu mwaka 1973. Nataka kipimo namba moja na namba tatu viwe sehemu ya kila ukaguzi wa gari dogo la abiria, mbele ya macho ya mwenye gari. Havihitaji mashine wala bajeti. Vinahitaji mguu na saa.

Tatu, na hili ni la kwetu, wenzangu wa kalamu. Mwandishi akileta dawati habari yenye "gari lilifeli breki", arudishwe akaulize. Dereva akiwa hai, aulizwe pedali ilikuwa ngumu au laini, na injini ilikuwa inaunguruma au imezimwa. Kamanda aulizwe nani amelikagua gari na ameona nini. Kama bado halijakaguliwa, tuandike hivyo hivyo, kwamba halijakaguliwa, na wiki ijayo turudi kuuliza tena. Tukifanya hivyo kwa mwaka mmoja, madereva wa nchi hii watakuwa wamejua kutofautisha pedali ya kupampu na pedali ya kukandamiza bila kukaa darasani.

Wengine mtaniona nimelikuza jambo la mpira wa elfu nane. Haya. Kesho asubuhi kabla hujatoka, fanya kipimo namba tatu. Sekunde 30 tu. Kisha uje uniambie pedali yako ilikaa au ilipanda.

Naomba kuwasilisha.